Kadi, bahasha na mifuko ya zawadi kwa karatasi ya mapambo: vipimo, mikunjo na gundi

Chukua manila ya A4, ikunje katikati upate kadi kubwa ya A5. Chukua nyingine kama hiyo, ikate vipande viwili, kisha kila kipande ukikunje upate kadi ndogo ya A6. Kadi ndogo itakunjika vizuri na mstari wake utanyooka. Ile kubwa mara nyingi hupasuka rangi mgongoni, na ukiisimamisha mezani inajiachia yenyewe. Manila ni ile ile na mikono ni ile ile. Kilichobadilika ni mwelekeo wa nyuzi.

Karatasi ya kiwandani hutengenezwa kwa uji wa nyuzi unaomwagwa juu ya wavu unaokwenda mbio, na nyuzi nyingi hulala kufuata mwendo wa wavu. Mkunjo unaofuata nyuzi huzitenganisha tu. Unaozikatiza huzivunja. A4 nyingi za madukani zina nyuzi zinazofuata upande mrefu, ule wa sentimita 29.7. Ukiikunja moja kwa moja kuwa A5, mkunjo unakatiza nyuzi. Ukiikata kwanza kuwa vipande vya 14.8 × 21 ndipo ukunje, mkunjo unafuata nyuzi. Kwa hiyo anayetaka kadi kubwa za A5 asinunue manila ya A4. Anunue shiti kubwa, atafute nyuzi zake, ndipo akate.

Kuzitafuta hakuna ufundi mkubwa. Pinda karatasi taratibu bila kuiminya, usikie inavyosukuma kiganja. Izungushe robo, upinde tena. Pale inapokubali kwa ulaini ndipo mkunjo wako uko sambamba na nyuzi. Kama bado una shaka, kata kipande cha sentimita 5 kwa 5, kilowe maji upande mmoja tu. Kitajiviringa kama mrija, na mrija huo unaelekea zinakoelekea nyuzi. Ukishajua, chora mshale wa penseli nyuma ya kila shiti kabla hujakata, kwa sababu kipande kidogo kikishakatwa ni vigumu kukipima tena.

Karatasi za mkono, kama zile za nyuzi za migomba, hazina mwelekeo wa kuhangaikia kwa kuwa uji wake hutikiswa ndani ya fremu huku na huku. Tatizo lake ni unene usio sawa. Zibandike mbele ya kadi kama pambo, lakini usizifanye mgongo wa kadi.

Vifaa, na pale visipopatikana

Rula ya chuma ni lazima. Rula ya plastiki italiwa na wembe siku ya kwanza, na kuanzia hapo kila mstari utakuwa na kibonyeo. Kisu cha karatasi kiwe kile cha kuvunja ncha, na ncha uivunje mapema. Wembe butu haukati nyuzi, unazivuta, ndiyo maana kingo za karatasi laini huota manyoya. Pitisha kisu mara tatu kwa mkono mwepesi badala ya mara moja kwa nguvu. Chini weka kadibodi ngumu au kipande cha mpira wa sakafu. Kioo kinakata vizuri lakini kinaua wembe upesi.

Kalamu ya wino iliyokwisha wino ni chombo bora cha kuchora mkunjo. Karatasi yoyote ya zaidi ya gramu 150 hivi kwa mita ya mraba usiikunje kabla hujaitia mfereji kwa kalamu hiyo kando ya rula. Mfereji uchorwe upande utakaokuwa nje ya kadi, na karatasi ikunjwe kwenda mbali na mfereji, ili ule uvimbe mdogo unaotokea upande wa pili ubaki ndani ya mkunjo. Wengi hukunja kinyume, kuingia ndani ya mfereji, halafu wanashangaa kwa nini ngozi ya nje ya karatasi inakwanyuka. Ukishakunja, kaza kwa mgongo wa kijiko, lakini tanguliza kikaratasi juu yake. Kijiko kikigusa karatasi yenyewe huacha mng'ao usiofutika.

Gundi

Kazi nyingi huharibikia kwenye gundi. Gundi nyeupe, ile wanayotumia maseremala, inafaa kwa visanduku na mifuko kwa kuwa inashika haraka na haikatiki ikikunjwa. Kwa kubandika karatasi pana juu ya manila, ichanganye nusu kwa nusu na uji wa wanga, ambao utayarishaji wake unafuata hapa chini. Peke yake inakauka kabla hujaipanga karatasi sawasawa. Gundi ya kijiti inatosha kwa vipande vidogo vya karatasi nyepesi. Gundi ile ya tone moja inayoshika papo hapo iache kabisa: inaacha doa gumu, na karibu na rangi nyeusi hutoa ukungu mweupe.

Karatasi za kung'aa zenye ngozi ya plastiki hazishikani na gundi ya maji. Inaonekana imeshika, kesho yake inachomoka kama ganda. Kwa hizo tumia tepu ya pande mbili, au kwaruza kwa msasa laini sehemu ya kubandikia hadi mng'ao utoke.

Mbona kadi hujipinda baada ya kubandikwa? Gundi hulowesha karatasi, na karatasi iliyolowa hutanuka, zaidi sana kwa upana wa nyuzi kuliko kwa urefu wake. Ikikauka inarudi ilikotoka, na inaivuta manila. Dawa ni tatu kwa pamoja: nyuzi za pambo na za manila zielekee upande mmoja, gundi iwe nyembamba, ipakwe kutoka katikati kwenda kingoni, na kadi ilale chini ya vitabu vizito kwa saa 12, ikiwa katikati ya vipande vya nailoni ili isigande. Pwani wakati wa masika ipe siku nzima. Ukiitoa mapema ikiwa bado na ubaridi ukiigusa kwa shavu, itajipinda tena kwenye bahasha. Chini ya kipande unachopaka gundi tandika gazeti au karatasi chakavu, na uitupe kila baada ya kipande kimoja. Ukibania hapo, gundi ya kipande cha kwanza utaikuta kwenye uso wa cha pili.

Kutengeneza karatasi ya mapambo mwenyewe

Karatasi za kufungia zawadi zinauzwa kila mahali, ila nyingi ni nyepesi, na picha ni zile zile za puto na maua waridi. Karatasi ya uji wa rangi, yaani iliyopakwa uji wa wanga wenye rangi kisha ikachorwa kwa kitana, inatoka jikoni, inagharimu kidogo, na hakuna shiti mbili zinazofanana. Katika karne ya 18 jumuiya ya Wamoravian ya Herrnhut, Ujerumani, ilijulikana sana kwa karatasi za namna hii, zilizotumika kufunikia vitabu. Ndio hao hao ambao wamisionari wao walifika Rungwe mwaka 1891.

Tumia wanga wa mahindi, ule mweupe laini wa kukazia mchuzi, siyo unga wa ugali. Wanga wa muhogo pia unafaa. Koroga vijiko 4 vya chakula katika robo kikombe ya maji baridi mpaka mabonge yaishe. Ongeza kikombe kimoja cha maji, bandika kwenye moto mdogo na usiache kukoroga. Weupe wa maziwa utageuka mng'avu, na mwiko utaanza kuacha njia nyuma yake. Epua hapo hapo, ongeza nusu kikombe ya maji baridi, koroga, acha upoe kabisa, halafu uchuje kwa chujio la chai. Kuchuja usikuruke. Bonge dogo likishikwa na brashi litachora mkwaruzo shiti nzima.

Gawanya uji kwenye vikopo. Kila nusu kikombe itie kijiko 1 cha chakula cha rangi ya akriliki. Rangi za maji za watoto wa shule pia huingia, lakini zikikauka huchafua vidole. Ukiwa nazo hizo tu, ongeza kijiko 1 cha gundi nyeupe kwenye kikopo. Uji usio na rangi hukaa siku chache kwenye friji. Matone mawili ya mafuta ya karafuu huuchelewesha kuvunda.

Karatasi iwe ya gramu 100 hadi 120. Ya gramu 80, ya kufotokopia, hulegea ikilowa na kuchanika kwenye pembe.

1. Lowesha karatasi pande zote mbili kwa sponji, ilaze juu ya kioo, vigae au plastiki ngumu. Ifute kutoka katikati ili hewa yote itoke chini yake.
2. Paka uji wa rangi kwa brashi pana, kwanza kwa urefu, kisha kwa upana. Tabaka liwe jembamba kiasi cha kuona mistari ya brashi.
3. Chora. Kitana cha meno mapana kinatosha, au kata meno kwenye kadi ya plastiki iliyokwisha muda. Kivute kwa mawimbi, kwa mistari inayokatana, au kwa nusu duara zinazofuatana. Una dakika chache tu, na chini ya feni ni chache zaidi.
4. Inyanyue kwa pembe mbili, ilaze juu ya plastiki ikauke.
5. Ikikauka itakuwa imejikunyata. Geuza uso chini juu ya kitambaa, pasi kwa moto mdogo bila mvuke, kisha igandamize usiku kucha.

Mistari ikijifunga yenyewe baada ya kuchorwa, uji ni mwepesi, urudishe motoni. Mistari ikisimama kama matuta na kumeguka karatasi inapokunjwa, uji ni mzito au umepaka mwingi. Ikitokea rangi imejitenga kwa madoadoa, ujue karatasi ilikuwa na ngozi ya kung'aa, na karatasi ya namna hiyo haifai kwa kazi hii.

Kadi yenye pindo, mji na jina

Anayetafuta mpango wa kupamba uso wa kadi asiende mbali. Kanga imeshapanga kila kitu: pindo kuzunguka, mji katikati, na jina sehemu ya chini ya mji. Mpango huo unakaa vizuri kwenye kadi ya A6 iliyolazwa, mkunjo ukiwa juu.

Kata manila ya gramu 200 hadi 250 kuwa 14.8 × 21, itie mfereji katikati, kwenye sentimita 10.5, uikunje. Kata karatasi ya uji wa rangi 13.8 × 9.5. Hilo ndilo pindo, na litaacha milimita 5 za manila kila upande. Usijaribu kulifikisha hadi kwenye mkunjo, kwa sababu rangi ya wanga haipendi kukunjwa kila mara. Mji ukate 10.4 × 6.1 kutoka karatasi ya rangi nyingine, au iliyochorwa kwa kitana chenye meno mengine. Pindo litabaki na upana wa sentimita 1.7 pande zote. Jina ni utepe wa karatasi nyeupe wa sentimita 8 kwa 1, uliobandikwa nusu sentimita juu ya ukingo wa chini wa mji. Andika kwa herufi kubwa, na uandike kabla ya kubandika. Mkono ukiteleza, unatupa utepe na si kadi.

Bandika mji juu ya pindo kwanza, vikauke chini ya vitabu, ndipo uvibandike pamoja kwenye manila. Ukibandika vyote kwa mpigo, vipande viwili vilivyolowa huteleza kila kimoja kivyake.

Ndani weka karatasi nyeupe ya gramu 80 yenye ukubwa wa 13.8 × 20, iliyokunjwa katikati. Ishike kwa mstari wa gundi wa milimita 3 tu karibu na mkunjo. Ukiipaka gundi yote, wino wa kalamu utasambaa kwenye sehemu zilizolowa na kadi itapata makunyanzi ndani.

Bahasha yake

Bahasha za C6 za dukani, milimita 114 × 162, zinaipokea kadi ya A6 isiyo na mapambo mengi. Kadi yenye tabaka tatu hubanwa, na pembe zake huishia kuchanika. Bahasha ya kukata mwenyewe kutoka A4 moja ya gramu 80 hadi 120 inakaa vizuri zaidi.

Kata karatasi iwe 20 × 27. Kwenye urefu wa 27 gawanya hivi kuanzia chini: mgongo 10.5, uso 11.5, kifuniko 5. Kila upande wa kushoto na kulia chora mstari wa sentimita 2 kutoka ukingoni. Sasa kata na kutupa hizo sentimita 2 kwenye mgongo na kwenye kifuniko, uziache kwenye uso peke yake. Hizo ndizo mbawa za kubandikia. Pembe za mbawa zipunguze kwa mshazari kidogo, zisije zikachungulia nje. Kunja mbawa ndani, paka gundi juu yake, nyanyua mgongo uziangukie. Kifuniko kitashuka juu ya mgongo kwa sentimita 4, na ndani utapata bahasha ya 16 × 11.5. Karatasi ikiwa na pambo upande mmoja, geuza pambo liwe ndani. Anwani itasomeka nje, na mfunguaji atakuta rangi ndani.

Kisanduku kidogo, A4 moja

Kwa hereni, kikuku, chupa ndogo ya udi au peremende, manila ya gramu 250 ya A4 moja inatoa kisanduku cha 7.5 × 7.5 chenye kimo cha 4 pamoja na kifuniko chake. Kanuni ni kitako pamoja na kimo mara mbili: 7.5 + 8 = 15.5, kwa hiyo kata mraba wa 15.5. Kifuniko kiwe na uso wa 7.8 na kimo cha 2.5, yaani mraba wa 12.8. Hizo milimita 3 za ziada ndizo nafasi ya unene wa kuta na gundi. Ukizipunguza, kifuniko kitaingia kwa nguvu na kupasua pembe. Kama utafunika kisanduku kwa karatasi ya pambo baadaye, weka milimita 4.

Tia mifereji kwa kimo pande zote nne. Kwenye kila pembe kata mstari mmoja tu wa mfereji, ili kile kimraba cha pembeni kibaki kama kishikio. Mikato yote minne iwe sambamba, ili kuta mbili zinazotazamana zibaki na vishikio viwili kila moja. Vipunguze milimita 1 kwa mshazari, vitie gundi, vibandike kwa ndani ya kuta jirani, uvibane kwa vibanio vya nguo kwa dakika 10.

Mfuko wa zawadi

Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea tarehe 1 Juni 2019, Kenya ikiwa imetangulia tarehe 28 Agosti 2017, na mfuko wa karatasi umekuwa bidhaa ya kila siku. Shiti ya 50 × 70 haitoshi mifuko miwili ya uso wa 16, ubavu wa 8 na kimo cha 28: kila mmoja unakula 50 × 38, na 38 mara mbili ni 76. Punguza kimo hadi 22, kila mmoja ule 50 × 32, na utabaki na utepe wa sentimita 6 wa kutengenezea lebo. Hesabu ya 32 ni hii: kimo 22, mkunjo wa mdomo 4, kitako 6.

Nyuzi zisimame kufuata kimo cha mfuko, kwa kuwa mikunjo mirefu yote ni ya wima. Laza pambo chini. Kunja mdomo sentimita 4 kwa ndani, na kabla ya kubandika ingiza vipande viwili vya manila vya 15.5 × 3, kimoja kwa kila uso. Hivyo ndivyo vinavyozuia mishikio isichane karatasi. Kisha, kwenye upana wa 50, tia mifereji kwenye sentimita 2, 18, 26 na 42. Zile 2 za mwanzo ni ulimi wa gundi. Kwenye 22 na 46 chora mikunjo hafifu ya katikati ya mbavu, ili mfuko ulale bapa. Mwisho chora mstari wa kitako, sentimita 6 kutoka chini. Vipande vya manila vikae kati ya 2 na 18, na kati ya 26 na 42.

Bandika ulimi ndani ya ubavu wa mwisho. Kwenye kitako kunja mbavu kwanza, nyuso mbili zifuate juu yake. Zitapandana kwa sentimita 4. Ndani dumbukiza manila ya 15.8 × 7.8. Bila hiyo kitako huvimba kikibeba kitu. Toboa matundu sentimita 2 kutoka juu, pitisha kamba ya katani au riboni ya sentimita 35 kwa kila uso, na fundo libaki ndani. Mfuko wa karatasi ya gramu 80 ni wa kanga, manukato au vitabu viwili. Seti ya glasi itafutie karatasi ya kaki ya gramu 120.

Ukipewa kazi ya kadi mia

Kadi 100 za A6 zinahitaji A4 50 za manila, A4 25 za karatasi ya pindo kwa kuwa kila moja inatoa vipande vinne, A4 50 nyeupe za ndani, na A4 100 za bahasha. Karatasi ya mji, kwa vipande vya 10.4 × 6.1, hutoa vinane kwa A4, hivyo 13 zinatosha. Ongeza moja kwa kila kumi kwa ajili ya zitakazoharibika. Tengeneza moja kamili kwanza, uiingize kwenye bahasha yake, umwonyeshe mteja. Akikubali, kata zote, kisha tia mifereji zote, ndipo ushike gundi. Wateja wengi huuliza bei ya kadi tu, nawe usisahau kwamba bahasha peke yake zinakula A4 nyingi kuliko kitu kingine chochote kwenye oda hiyo.